Kabla ya Kuandika Barua, Tufungue Makabati

Mzazi mwenzangu, kama umo katika kundi letu la WhatsApp, orodha umeshaiona. Ilianza Jumanne usiku kwa ujumbe mmoja tu. Mama mmoja aliuliza: mbona tusiviandikie vituo vya televisheni vya nyumbani, tuviombe virudie vipindi vya mashindano vya zamani, vile vya maswali na zawadi, na viviweke mtandaoni ili watoto wetu wa huku London nao wavione? Kulipokucha simu yangu ilikuwa imelemewa. Watu ambao mwaka mzima hawajibu hata ujumbe wa mchango wa chai, siku hiyo wote walikuwa na la kusema.

Waliokulia Kenya walitaja Omo Pick-a-Box ya KBC ya miaka ya 1990, kipindi ambacho jina lenyewe lilikuwa tangazo la sabuni. Waliokuwa vyuoni miaka ya 2000 walitaja Celtel Africa Challenge na mwulizaji wake, John Sibi-Okumu, na ile sauti yake ya mwalimu asiyetaka masihara. Waliokulia Maskati na Dubai wakamtaja George Kordahi, aliyeendesha toleo la Kiarabu la Who Wants to Be a Millionaire kwenye MBC kuanzia mwaka 2000, wakati MBC yenyewe bado ina makao yake makuu hapa hapa London. Hilo lilinifurahisha. Sisi tunaoshuka Edgware Road kila Jumamosi na mikoba ya vitabu tunapita mbele ya mikahawa ambayo televisheni zake zinasema Kiarabu kutwa kucha, na wenzetu hao hawakuwahi kuomba ruhusa ya mtu ili lugha yao isikike mtaani.

Kisha vurugu ikaingia. Mmoja aliandika "KBC" akimaanisha Kenya Broadcasting Corporation, mwingine akamjibu kwamba na yeye anampenda sana Amitabh Bachchan. Ilichukua ujumbe kadhaa kugundua kwamba KBC ya pili ni Kaun Banega Crorepati, toleo la Kihindi la mchezo ule ule wa mamilioni. Baba mmoja wa Dar es Salaam akataja ITV. Mwanawe, aliyekuwa akichungulia begani kwake, akamwambia, "Lakini hiyo ipo, baba. Namba tatu kwenye rimoti." ITV ya Mikocheni na ITV ya Uingereza, mtoto anaijua moja tu.

Nimecheka kama wengine, na barua nitaisaini. Ila orodha ilivyo sasa ni yetu sisi wazazi. Ni jioni zetu za zamani, harufu ya mafuta ya taa na ndugu sita kwenye kochi moja, nasi tumeandika juu yake "kwa ajili ya watoto". Nionavyo mimi, iko sababu moja ya kuwapelekea watoto hawa vipindi vya mashindano, na ni sababu nzuri kuliko zote zilizotajwa. Tatizo ni kwamba ukiifuata sababu hiyo, sehemu kubwa ya orodha inaanguka.

Nieleze sababu yenyewe, na nianzie darasani.

Darasa letu la wakubwa lina kosa moja ambalo tumelipiga vita kwa mihula miwili. Kila kitu kwao ni "ipi". Mlima ipi. Kisiwa ipi. Ziwa ipi. Kiingereza kina neno moja la kuulizia, halibadiliki, nao wamelitafutia mwenzake mmoja katika Kiswahili wakatulia. Tumechora jedwali la ngeli ubaoni. Tumelichapisha kwenye karatasi ya rangi. Wamelinakili kwa mwandiko mzuri, wakalitia mkobani, wakatoka nje wakiulizana basi ipi linakwenda Kilburn.

Jumamosi moja mvua ilinyesha, hita ya ukumbi ikagoma, na hakuna aliyetaka kushika kalamu kwa vidole vya baridi. Tukawagawa makundi mawili. Kengele ya baiskeli mezani, saa kwenye simu, sekunde kumi. Kanuni ilikuwa moja: kila kundi linatunga swali la kuwauliza wenzao, na swali likikosea ngeli, alama inakwenda upande wa pili kabla hata ya jibu. Ziwa lipi ni kubwa kuliko yote Afrika? Mlima upi una theluji karibu na ikweta? Kisiwa kipi kinaitwa pia Kisiwa cha Karafuu? (Hapo Wapemba wawili walirukia kengele pamoja, tukakaribia kuita msaada.) Katika nusu saa walisema "lipi, upi, kipi, yupi, vipi, yapi" mara nyingi kuliko walivyosema tangu waandikishwe. Kisha binti mmoja, mpole, ambaye kwa kawaida tunamwomba anyanyue sauti, akasimama juu ya kiti akampigia kelele mpinzani wake: "Siyo kisiwa ipi! Ni kisiwa KIPI! Alama yetu!"

Katika miaka yangu ya kufundisha hapa sijapata kuona mtu akipandishwa juu ya kiti na ngeli ya ki-vi.

Ndiyo sababu ninayoisemea. Kipindi cha maswali ni sentensi ile ile inayorudi mara hamsini huku jina moja tu likibadilika, na hilo ndilo zoezi la lugha ambalo kitabu kikilifanya kinachosha na kengele ikilifanya halichoshi. Saa inamzuia mtoto asipate nafasi ya kutafsiri kutoka Kiingereza kichwani. Lazima ajibu kwa lugha aliyoulizwa. Tarakimu anazisikia zikipanda: mia tano, elfu moja, elfu kumi na mbili na mia tatu. Na hahitaji kujua kilichotokea wiki iliyopita. Mchezo wa kuigiza ukikosa sehemu mbili umepotea. Vichekesho navyo vina ugumu wao. Nampenda marehemu Mzee Ojwang kama unavyompenda wewe, lakini niliwahi kuwawekea wanangu kipande cha Vitimbi, na kila nilipocheka ilinibidi nisimamishe nieleze kwamba tunachekea lafudhi, na hiyo lafudhi ni ya wapi, na kwa nini inachekesha. Mpaka namaliza hata mimi sikuwa nikicheka. Swali la maswali halina ugomvi huo. Mji mkuu wa Burundi ni upi? Unajua au hujui. Na mtoto akijua kabla ya baba yake, jioni hiyo ni yake.

Wala hatukufundishwa mchezo huu na televisheni. Nyinyi watoto, waulizeni bibi zenu. "Kitendawili!" "Tega!" Anayeshindwa anadaiwa mji: "Nipe mji." Unampa Unguja, au Lamu, au siku hizi unampa Birmingham, naye anasafiri hadi huko, anakula, anashiba, anasifiwa, ndipo akupe jibu. Kuna mwenye kuuliza, kuna hadhira, kuna zawadi, kuna fedheha ndogo kwa aliyeshindwa. Vyote vilikuwapo kabla mtu hajabuni taa za studio. Nyumba yangu haina mlango: kama hujui hili, leteni mji.

Sasa tuirudie orodha tukiwa na kichujio hicho mkononi: maswali, na kwa Kiswahili.

Celtel Africa Challenge inaanguka, na inaniuma. Ilianza mwaka 2007, ikaviweka vyuo vikuu vya Kenya, Uganda na Tanzania meza moja mbele ya kengele, kisha ikapanuka hadi nchi nyingine za Afrika. Ni ukoo mmoja na College Bowl ya Marekani, iliyoanza redioni mwaka 1953, na University Challenge, ambayo watoto wenu wanaweza kuitazama hapa Uingereza. Lakini ilikuwa kwa Kiingereza kuanzia salamu hadi kwaheri. Vijana wa nchi tatu, ambao wakikutana kwenye foleni ya chakula wangezungumza Kiswahili, walifika mezani wakajibu kwa Kiingereza, nasi tuliokuwa sebuleni tukaona ndivyo inavyofaa, kwamba maswali mazito huulizwa kwa lugha ya mtihani. Silaumu mtu. Lakini nikimwonyesha mwanangu kipindi hicho, atajifunza jambo lile lile ambalo shule yetu inapigana nalo: kwamba Kiswahili ni cha jikoni, na akili ina lugha yake nyingine.

Omo Pick-a-Box, kama jina linavyosema, ni kuchagua sanduku. Waingereza walikuwa na ndugu yake, Take Your Pick, tangu ITV yao ilipoanza mwaka 1955. Ni raha, ila anayechagua sanduku hahitaji lugha, anahitaji bahati. George Kordahi ni wa Kiarabu na Amitabh ni wa Kihindi. Wazuri wote, lakini si wetu kuwaomba. Baada ya hapo orodha ya televisheni inabaki nyembamba, na iko sababu ya kihistoria. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ila Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994. Kwa hiyo mzazi wa Dodoma au Mbeya mwenye umri wangu anayesema anakumbuka mashindano ya utotoni anakumbuka redio, na redio haikuwa na picha ya kurudia.

Kinachobaki, ajabu, ni cha juzi tu. Ubongo Kids, katuni zinazotengenezwa Dar es Salaam, zilianza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014, na ndani yake mtoto anaulizwa maswali ya hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Tangu mwanzo waliweka utaratibu wa kujibu kwa ujumbe wa simu ya kawaida, ile ya vitufe, kwa kuchagua herufi ya jibu. Hakuna aliyeitaja kundini, maana haina umri wa kutosha kutuliza sisi. Mimi ningeiweka juu kabisa. Na chini yake ningeweka ombi jipya: vipindi vya mashindano ya shule kwa Kiswahili, vya KBC, vya TBC, vya ZBC iliyoirithi Televisheni ya Zanzibar, vyovyote vilivyosalia, hata kama mwulizaji hana jina na studio ina pazia la kijani tu.

Vyovyote vilivyosalia. Neno hilo ndilo gumu, maana tunaandika barua kana kwamba kila kilichowahi kuonyeshwa kiko mahali kwenye rafu kinasubiri mtu akiulizie.

Hapa Uingereza, mashabiki wa vipindi vya zamani wana chaneli nzima, Challenge, inayorudia Bullseye, Blockbusters na Catchphrase. Marekani wanayo Buzzr, iliyoanza mwaka 2015, nayo inawezekana kwa kuwa kampuni ya Fremantle inamiliki hazina kubwa ya vipindi vya aina hiyo. Mashabiki wakiomba, kuna cha kuwapa. Na mashabiki wakiomba kwa vitendo hupata zaidi: The Crystal Maze ilikuwa imekwisha tangu 1995, lakini mwaka 2015 wapenzi wake walichanga mtandaoni zaidi ya pauni 900,000 ili mchezo ule ujengwe upya hapa London watu wauingie kwa miguu yao. Mwaka uliofuata Channel 4 ikakirudisha kipindi kwa onyesho maalumu, kisha mfululizo mpya mwaka 2017. Vituo husikia vizuri zaidi pale ambapo mwombaji ameshaanza kazi.

Lakini hata nchi hii tajiri ilifuta. Mkanda wa video ulikuwa ghali, na kwa miaka mingi BBC ilirekodi kipindi kipya juu ya cha zamani. Sehemu nyingi za Doctor Who za miaka ya 1960 zilipotea hivyo. Mwaka 2013 zikapatikana tisa. Zilikuwa wapi? Jos, Nigeria, kwenye kituo cha televisheni, nakala zilizokuwa zimeuzwa nje na zikasahauliwa huko. Kilichofutwa London kilitunzwa Afrika bila mtu kujua. Na sauti za zile ambazo picha zake hazijapatikana hadi leo zipo zote, kwa sababu watazamaji vijana, majumbani mwao, waliweka kinasa sauti mbele ya televisheni wakawaambia ndugu zao wanyamaze.

Nataka ukae na hilo kidogo, kwa sababu linaweza kwenda upande wa pili. Kama cha London kilikutwa Jos, cha Mombasa na Unguja kinaweza kukutwa wapi? Kwangu jibu ni kabati la juu la fleti yoyote kati ya Church Street na Kilburn.

Wewe uliyekuja hapa miaka ya 1980 na 1990 unajua tulivyokuwa tukiletewa habari za nyumbani. Si kwa simu, simu ilikuwa ya kadi na dakika zilihesabiwa. Tulitumiwa kanda za VHS. Harusi, maulidi, hitima, ufunguzi wa duka la mjomba. Mkanda ulikuwa wa saa tatu na harusi ilikuwa ya saa mbili na nusu, kwa hiyo aliyerekodi, akijua tuna kiu, alijaza nafasi iliyobaki kwa chochote kilichokuwa kwenye televisheni jioni ile: taarifa ya habari, taarab, mechi, na mara nyingine mashindano. Mfumo wa picha wa Kenya na Zanzibar ulikuwa PAL kama wa hapa, ndiyo maana kanda zile zilicheza bila taabu kwenye mashine zetu.

Nyumbani kwetu tulikuwa na sanduku zima. Marehemu mjomba wangu alirekodi Mombasa kwa bidii ya karani. Kila mkanda ulikuwa na karatasi yenye wino wa buluu: harusi ya fulani, tarehe, na chini kwa herufi ndogo, "mwishoni KBC". Tulipohama fleti mwaka 2009 mashine ya VHS ilikuwa imekufa, sanduku lilikuwa zito, lifti ilikuwa mbovu, na mimi ndiye niliyelishusha ngazi hadi kwenye pipa la takataka. Nilizitoa harusi mbili nikazihifadhi. Zilizobaki nilizitupa. Wakati huo niliona ni usafi. Mjomba hakuwahi kuniuliza, na nashukuru, maana sijui ningemjibu nini. Juzi kundi lilipotaja kipindi kimoja baada ya kingine, nilikuwa nayaona yale maneno ya buluu, "mwishoni KBC", na sasa siwezi kujua mwishoni kulikuwa na nini.

Kwa hiyo ombi langu ni kwamba barua isubiri wiki sita. Katika wiki hizo, fungueni makabati. Kila mkanda wenye jina la harusi, usiutupe kwa kuwa bibi harusi ameshaachika. Peleka mbele hadi mwisho. Kilicho cha thamani kwa kundi letu kinaweza kuwa baada ya keki kukatwa.

Msichelewe. Kiwanda cha mwisho duniani kilichokuwa kikitengeneza mashine za VHS, Funai cha Japani, kiliacha mwaka 2016. Mashine zilizopo ndizo zilizopo, na kanda nazo huota ukungu, hasa zile zilizokaa pwani kwenye unyevu kabla ya kusafiri. Ukiuona unga mweupe pembeni mwa mkanda, usiutie mashineni; utaharibu mkanda na mashine pamoja. Lete hivyo hivyo ulivyo.

Tukishajua tulicho nacho, barua itakuwa na uzito mwingine. Hatutaandika "tunaomba vipindi vya zamani". Tutaandika jina la kipindi, mwaka, siku kilipokuwa kikionyeshwa, na kama tumekipata, tutasema: nakala ipo kwetu, je, nyinyi mnayo iliyo bora? Tutauliza haki ni za nani, maana hili nalo lina mafundo. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel Afrika mwaka 2010. Kipindi kilichobeba jina la mfadhili kinabaki yatima jina likibadilika. Na tutaahidi kazi: shule yetu itaandika maneno ya chini ya picha kwa Kiswahili, kipindi kwa kipindi, wanafunzi wakubwa wakisikiliza na kuandika. Kituo ambacho hakina fedha ya kumlipa mtu afanye hivyo kinaweza kutusikiliza kwa sababu hiyo tu.

Kuna mzazi aliyesema tunajisumbua: watoto wa leo hawatatazama picha yenye mistari na rangi iliyofifia. Ni hoja ya haki, na binti yangu wa miaka kumi na nne aliikubali haraka mno kwa kupenda kwangu. Lakini binti huyo huyo Jumamosi jioni hukaa kutazama Gladiators, ambayo BBC iliirudisha Januari 2024, mchezo uliokuwa kwenye televisheni kabla hajazaliwa. Na Countdown, saa yake na herufi zake, iko Channel 4 tangu siku ya kwanza ya chaneli hiyo, tarehe 2 Novemba 1982, na wenyewe waliichukua kutoka Ufaransa. Mtoto hakimbii kitu kwa kuwa ni cha zamani. Anakimbia akiona kwamba watu wazima wamekaa wanalia machozi ya kukumbuka na yeye hana nafasi. Mpe kengele, utaona.

Ndiyo maana sitaki watoto wawe watazamaji tu wa mpango huu. Nyinyi wa darasa la wakubwa, hili ni lenu: kila mkanda utakaochezwa, mmoja wenu atashika saa. Mwulizaji akiuliza kwenye picha, tunasimamisha, mnajibu ninyi kwanza. Mkimshinda mshiriki wa mwaka 1993, alama inaandikwa ubaoni kwa jina lenu. Na mkisikia mwulizaji mwenyewe akikosea ngeli, kwa kuwa hata wao walikosea, mnapata alama mbili.

Jumamosi ijayo nitakuwa mlangoni kuanzia saa nne asubuhi na mashine ya VHS niliyoazima, inafanya kazi ukiipiga kidogo upande wa kushoto. Andika jina lako kwenye mkanda. Tutaupeleka mbele hadi mwisho wa sherehe bila kutazama, na utarudishiwa siku hiyo hiyo. Hakuna atakayeuliza nani alivaa nini.